Deni la Mvuvi na Lugha Isiyobadilisha Kitu

Vijana wengi wanaoandika programu hapa Malindi walianzia mahali pamoja: chuoni, kwa Java au C++, wakifundishwa kutunga klasi (kiolezo cha objekti za aina moja) ya Mnyama, kisha Mbwa na Paka wakairithi, kila mmoja akitoa sauti yake. Baadaye wakaingia kazini, wengine kwa Kotlin na wengine kwa PHP, wakatengeneza mifumo ya hoteli, ya maduka na ya vikundi vya wavuvi, lakini fikra ikabaki ileile: kila jambo lina objekti yake, objekti hubeba hali yake ndani, na metodi huibadilisha hali hiyo inapoitwa. Mtu wa malezi haya anapoamua kujifunza lugha za kifunksheni, yaani zile zinazojenga programu kwa funksheni zisizobadilisha thamani, kama Haskell, Elm au Elixir, huonywa mapema, tena na watu wanaomtakia mema, kwamba atataabika kwa sababu lugha hizo ni za wanahisabati. Siafikiani na onyo hilo. Hisabati inayohitajika katika programu ya kawaida ya Haskell haizidi ile ya kidato cha pili, na hata hiyo haiguswi kila siku. Kinachomtaabisha mgeni ni kunyimwa kitu kimoja alichokitumia miaka yote bila kukitafakari, nacho ni ruhusa ya kuibadilisha thamani palepale ilipo.

Asili ya lugha za kifunksheni, ni kweli, imo katika hisabati. Alonzo Church alitunga kalkulasi ya lamda, mfumo wa kueleza hesabu kwa funksheni peke yake, katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta za kielektroniki kuwepo, na John McCarthy alipoanza kuibuni Lisp mwaka 1958 aliazima alama zake humo. Lakini lugha za objekti nazo zina asili yao, na asili hiyo ni finyu kuliko tunavyofundishwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliitengeneza Simula 67 mjini Oslo kwa ajili ya kuiga mifumo halisi ndani ya kompyuta, mifumo yenye foleni na mitambo, ambamo kila kitu kina hali yake inayogeuka kadiri saa zinavyokwenda. (Mwaka huohuo wa 1967 ndipo setilaiti ya kwanza iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo Ngomeni, kwa hiyo objekti na historia ya anga ya Malindi ni marika.) Kwa kazi ya kuiga, objekti inafaa mno. Tatizo lilianza pale vyuo vilipochukua chombo cha kuiga vikakifanya kuwa namna pekee ya kuifikiria programu yoyote ile, hata ile ambayo haiigi chochote bali inapokea taarifa, inazichambua na kutoa jibu.

Tuchukue kazi ambayo mtu yeyote wa pwani anaielewa. Mnunuzi wa samaki huwakopesha wavuvi fedha za mafuta, barafu na chambo kabla hawajaingia baharini, nao hulipa wakirudi, aghalabu kwa kukatwa katika thamani ya samaki waliopimwa na mara nyingine kwa kutuma pesa kwa simu. Anataka programu ya kumwonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Mwandishi aliyelelewa na objekti haumizi kichwa: anaunda klasi ya Mvuvi yenye jina, namba ya simu na deni, kisha anaipa metodi mbili, kopesha inayoongeza deni na lipa inayolipunguza. Mistari haifiki ishirini, na siku ya kwanza inafanya kazi bila kasoro.

Kasoro huja baadaye, na zote zina mzizi mmoja. Mvuvi akikana kwamba anadaiwa shilingi 4,500, programu haina la kumjibu, kwa maana nambari hiyo imefuta kila nambari iliyoitangulia. Mtandao ukiyumba na ujumbe wa kuthibitisha malipo ukatumwa mara mbili, metodi ya lipa itaitwa mara mbili na deni litapungua mara mbili, bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo. Makarani wawili wakilifungua deni lilelile kwa wakati mmoja, kila mmoja akasoma 4,500 na kila mmoja akaandika salio lake, malipo ya mmoja wao yatapotea. Dawa zinazojulikana zipo: utaongeza orodha ya kumbukumbu pembeni, utaongeza alama ya kuonyesha kwamba ujumbe fulani umeshapokelewa, utaongeza kufuli. Kila dawa lakini ni hali nyingine mpya ya kulindwa, na baada ya miezi kadhaa ile klasi ya mistari ishirini imekuwa kitu ambacho hakuna karani wala mwandishi anayeweza kusema kwa uhakika kina nini ndani.

Daftari la karatasi la mnunuzi wa zamani halikuwa na maradhi haya, kwa sababu karani hakufuta mstari. Aliandika mwingine chini yake, na salio lilipotakiwa alijumlisha. Hivyo ndivyo mtu wa lugha ya kifunksheni atakavyoianza kazi hii. Hataanza kwa kuuliza mvuvi ni kitu gani na ana uwezo gani; atauliza ni matukio gani yanayoandikwa, na jibu linapatikanaje kutokana nayo. Kwa Haskell, kiini chake ni hiki:

data Tukio = Mkopo Int | Malipo Int

deni :: [Tukio] -> Int
deni = foldl' hatua 0
  where
    hatua d (Mkopo k)  = d + k
    hatua d (Malipo k) = d - k

Hakuna mahali popote ambapo deni limehifadhiwa. Kuna orodha ya matukio isiyobadilika, na kuna funksheni inayoipita kutoka mwanzo, ikibeba jumla mkononi, hadi mwisho. Mvuvi akibisha, unamsomea orodha. Ujumbe wa malipo ukija mara mbili, unachotakiwa kufanya ni kuyapa malipo namba yake ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 10 ambayo kila Mkenya anaijua kwenye simu yake, kisha kuondoa zinazojirudia kabla ya kujumlisha. Baada ya hapo hesabu inaweza kurudiwa mara mia na jibu lisibadilike. Makarani wawili kila mmoja anaongeza mstari wake, na hakuna anayemfutia mwenzake. Bado itahitajika hifadhidata ya kuipokea mistari hiyo kwa mpangilio, wala sidai kwamba Haskell inaondoa haja hiyo, lakini sehemu inayoweza kuharibika imepungua ikawa ndogo kiasi cha kuonekana yote kwa mtazamo mmoja.

Msomaji anayeijua Java vyema atasema kwamba hata yeye anaweza kuandika orodha ya matukio na kuijumlisha. Anaweza, na hapo ndipo penye hoja yangu. Haskell haikumpa wazo ambalo Java haiwezi kulibeba. Ilichofanya ni kumfungia njia ya mkato. Katika Java, kuweka sehemu ya deni ndani ya klasi ni jambo la sekunde tatu, na hakuna kitakachomzuia, kwa hiyo ataliweka, na ile orodha ya matukio hataifikiria mpaka siku mvuvi atakapombishia. Katika Haskell jina likishapewa thamani halipewi nyingine, na mtu anayetafuta pa kuiweka hali yake inayobadilika analazimika kuuliza kama anaihitaji kweli. Mara nyingi anagundua kwamba haihitaji.

Kwa sababu hiyo napinga ushauri unaosikika sana, kwamba mtu ajifunze mtindo huu taratibu ndani ya lugha aliyonayo. Ni kweli lugha zote kubwa zimeazima. Java ilipata lamda, yaani funksheni zisizo na jina, katika toleo la 8 mwaka 2014, Kotlin ilizaliwa nazo, na JavaScript imejaa funksheni zinazopokea funksheni nyingine. Lakini tazama anachoandika mtu aliyejifunzia humo. Anaunda orodha tupu, kisha anaita forEach, inayopitia kipengele kimoja baada ya kingine, juu ya orodha ya matukio, na ndani ya lamda anaongeza kipengele kimoja kimoja kwenye ile orodha ya nje. Ameandika kitanzi kilekile cha zamani kwa alama mpya, na yuko radhi kuapa kwamba anaandika kifunksheni. Au anaandika const katika JavaScript na kuamini kwamba sasa thamani yake haibadiliki, ilhali const inazuia tu jina lisipewe thamani nyingine. Orodha iliyomo ndani mtu yeyote mwenye kuifikia anaweza kuiongeza na kuipunguza. Neno final la Java nalo lina mpaka huohuo. Lugha inayokuruhusu kurudi nyuma bila kukuambia kwamba umerudi nyuma haiwezi kukufundisha kwenda mbele, angalau haiwezi kukufundisha kwa haraka.

Mtu wa kurasa za wavuti ningemwelekeza kwanza kwenye Elm, ambayo Evan Czaplicki aliianzisha mwaka 2012. Ni lugha ndogo, haina pa kuchepukia, na ujumbe wa makosa wa kompaila yake, yaani programu inayoukagua na kuutafsiri msimbo, huandikwa kana kwamba mtu ameketi nawe anakueleza ulipokosea. Simshauri mtu aitegemee kwa riziki, kwa kuwa maendeleo yake yamekuwa ya polepole mno tangu toleo la 0.19 la mwaka 2018. Namshauri aitumie kama darasa, kisha aende kwenye Haskell ikiwa anapenda aina za data zinazobana, au Elixir ikiwa shida yake ni seva zenye wateja wengi.

Anayetoka kwenye objekti haji mikono mitupu, hata hivyo. String ya Java, yaani thamani ya maandishi, haibadiliki tangu lugha hiyo itoke mwaka 1995, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba inamnyima uhuru. Kila aliyepanga orodha kwa kupitisha Comparator, yaani kanuni ya kulinganisha vitu viwili, ameshapitisha funksheni kama thamani, ingawa kabla ya Java 8 ilimbidi aivishe klasi kwanza. Katika ile orodha mashuhuri ya mbinu 23 za usanifu wa objekti iliyochapishwa mwaka 1994, mbinu ya Strategy, ya kubadilisha njia ya kufanya kazi fulani, ukiifunua unakuta funksheni moja ndani ya kisanduku, na Peter Norvig alikwisha kuonyesha miaka hiyohiyo ya 1990 kwamba 16 kati ya 23 hurahisika au kutoweka kabisa katika lugha kama Lisp na Dylan.

Jambo linalostahili kukaliwa kitako ni jingine, na wafuasi wa pande zote mbili hulipita haraka kwa sababu halimpi yeyote ushindi kamili. Philip Wadler alilipa jina la tatizo la uelezaji mwaka 1998, lakini kulielewa kunatosha mfano wetu wa deni. Tuseme mnunuzi anataka kuongeza aina mpya ya tukio, yaani Msamaha, kwa mvuvi ambaye mashine yake imezama. Kwa objekti, ikiwa kila tukio ni klasi yenye metodi zake, unaandika klasi mpya ya Msamaha na klasi za zamani huzigusi kabisa. Kwa Haskell au Elm inakubidi uongeze Msamaha kwenye aina ya Tukio, kisha uizungukie kila funksheni inayopokea Tukio na kuiambia ifanye nini na msamaha. Elm itakataa kuikompaili programu mpaka umalize. Haskell itakuonya, mradi umewasha maonyo. Hapo objekti imeshinda kwa urahisi wa kuongeza, ingawa mimi naihesabu ile kazi ya kuzungukia kuwa faida, maana kompaila imekupa orodha kamili ya mahali ambapo msamaha unaweza kuleta balaa.

Sasa geuza. Mnunuzi hataki aina mpya ya tukio. Anauliza swali jipya. Anataka kujua ni wavuvi gani hawajalipa tangu kusi ianze, au ni kiasi gani kimekopeshwa kwa ajili ya barafu peke yake, au aandikiwe taarifa ya mwezi ya kuwasilisha mahali fulani. Kwa lugha ya kifunksheni kila swali ni funksheni mpya inayosimama peke yake, na msimbo wa zamani hauguswi. Kwa objekti kila swali ni metodi mpya inayobidi kuongezwa katika kila klasi ya tukio, au ile mbinu ya Visitor, inayoweka swali katika klasi yake ya pembeni, ambayo wengi huinakili bila kuielewa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni: programu hii itakua kwa kuongezewa aina za vitu, au kwa kuongezewa maswali juu ya vitu vilevile? Vipande vya skrini, kama vitufe, menyu na madirisha, hukua kwa aina, ndiyo maana lugha ya objekti ya Smalltalk na madirisha yake vilipatana sana pale kwenye maabara ya Xerox PARC katika miaka ya 1970. Hesabu za fedha, mahudhurio, shehena, bei na kodi hukua kwa maswali. Na ukiangalia kazi zinazoletwa kwa waandishi wa programu wa mji kama huu, nyingi mno ni za kundi la pili, huku wao wakizijenga kwa chombo cha kundi la kwanza.

Kuhusu monadi, yaani namna ya Haskell ya kuunganisha hatua za hesabu zinazobeba jambo la ziada, nitasema machache, kwa kuwa yameshasemwa mengi yasiyosaidia. Wazo hilo Eugenio Moggi alilileta kutoka hisabati mwishoni mwa miaka ya 1980, Wadler akaonyesha linavyoweza kutumika katika programu, na Haskell 1.3 ya mwaka 1996 ikalifanya kuwa njia rasmi ya kusoma na kuandika nje ya programu. Mwanafunzi asianze na maana yake. Aanze na Maybe, aina ya thamani inayoweza kuwepo au kukosekana, aitumie kwa yule mvuvi mzee asiye na simu, aone jinsi kompaila inavyokataa kumtumia ujumbe mpaka kesi ya kukosa namba ishughulikiwe. Katika Java namba hiyo ingekuwa null, ile rejea tupu ambayo Tony Hoare aliibuni mwaka 1965 na mwenyewe kuiita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja, na programu ingeanguka siku ya kutuma ujumbe. Akishaitumia Maybe, kisha IO (aina ya kazi zinazogusa nje ya programu), kisha orodha, umbo linalozifananisha litajitokeza lenyewe, na akisoma ufafanuzi wake wakati huo atakuwa anasoma habari ya kitu anachokijua.

Yapo malalamiko ya haki. Uvivu wa Haskell, yaani desturi yake ya kuahirisha hesabu mpaka jibu lihitajike, ni mtego kwa mgeni: ile apostrofi ndogo mwishoni mwa foldl' katika mfano wetu haipo kwa urembo, kwani bila hiyo lugha inaweza kulimbikiza jumla ambazo hazijafanywa hadi kumbukumbu ijae, hasa orodha ikiwa ndefu na kompaila haijaagizwa kuboresha msimbo. Kuijua kasi ya programu ya Haskell kwa kuitazama tu ni kazi ngumu hata kwa wazoefu. Lile dai kwamba kutobadilisha thamani kunamaanisha kunakili kila kitu upya si kweli, kwa maana ukiongeza kipengele mbele ya orodha, orodha mpya inaitumia ya zamani nzima kama mkia wake, na hilo ni salama kwa sababu hakuna atakayeibadilisha. Lakini zipo kazi, kama kuchakata picha nukta kwa nukta, ambazo safu inayobadilishwa palepale bado inazifanya kwa wepesi zaidi.

Lalamiko la ajira ndilo zito kuliko yote. Matangazo ya kazi Mombasa na Nairobi yanataja Java, Kotlin, PHP, Python na JavaScript. Haskell utaitafuta kwa tochi. Anayesema kwamba muda huo afadhali autumie kwenye chombo kinacholipa anasema jambo la busara, na simlaumu. Naomba tu azingatie kwamba makundi ya WhatsApp ambamo bei za samaki hutangazwa kila asubuhi yanategemea seva zilizoandikwa kwa Erlang, lugha ya kifunksheni iliyoanzishwa mwaka 1986 ndani ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na kwamba mwaka 2012 WhatsApp ilitangaza kufikisha miunganisho zaidi ya milioni 2 kwenye seva moja. Kampuni hiyo ilipokubali kununuliwa na Facebook mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi wachache ajabu. Erlang haikufanya hayo peke yake, lakini michakato isiyogawana kumbukumbu, inayopelekeana ujumbe tu, ndiyo iliyowezesha idadi hiyo ya watu kuitunza mashine ya ukubwa huo. Na hapa kuna kejeli ya kupendeza: Alan Kay, aliyelibuni jina lenyewe la mtindo wa objekti, alishikilia kwamba jambo kubwa katika wazo lake lilikuwa ujumbe, wala halikuwa klasi na urithi.

Aliyejifunza hivi kisha akarudi kwenye Kotlin au Java ya kazini ana vishawishi viwili vya kuepuka. Cha kwanza ni kuandika mnyororo wa funksheni kumi katika mstari mmoja, ambao mwenzake wa dawati la pili hawezi kuusoma wala kuurekebisha akiwa peke yake usiku. Cha pili ni kuutaka msimbo wote uwe safi, yaani usiogusa wala kubadilisha chochote nje yake, ilhali mahali panapopokea malipo, panapoandika kwenye hifadhidata na panapochora skrini hapawezi kuwa hivyo. Panapofaa kubaki safi ni hesabu zilizo katikati, zile zinazopokea orodha na kurudisha jibu. Lugha zenyewe sasa zinasaidia. Kotlin ina klasi zilizofungwa, zenye orodha kamili ya warithi, ambazo neno lake la kuchagua, when, linahakikisha zimeshughulikiwa zote, na Java 21 ya mwaka 2023 imekamilisha jambo hilo kwa switch, kiasi kwamba ule mfano wa Tukio unaweza kuandikwa humo karibu mstari kwa mstari. Kilichobaki bila kupatikana ni kile ambacho saini ya deni, ule mstari wenye alama ya ::, inakisema katika Haskell kwa kutokuwa na IO ndani yake, kwamba funksheni hii haigusi mtandao wala hifadhidata. Katika Java saini ya metodi haisemi hivyo, kwa hiyo anayekagua msimbo wa mwenzake itambidi aifungue na kuisoma yote.